Metali Nzito Namba Kumi na Nne

Idara ya Usalama wa Makazi inautangazia umma, kwa unyenyekevu unaostahili, kwamba metali nzito iligunduliwa katika mtaa wetu na ikadhibitiwa ndani ya siku tisa. Mimi, Afisa Uchunguzi Daraja la Pili, nilikuwepo tangu mwanzo, na naandika haya kabla watu hawajaanza kuyasimulia wanavyotaka.

Aliyeigundua ni Mkuu wa Idara mwenyewe. Anaishi namba kumi na sita, na ni mwananchi makini: ameshaiandikia idara yake barua kuhusu mbwa wa mkabala, geti la jirani linalolia kwa kukosa mafuta, na majani ya mti yanayodondokea upande wake bila kibali. Barua ya safari hii ilikuwa fupi: "Namba kumi na nne kuna metali nzito kila siku kuanzia saa kumi alasiri. Chukueni hatua kali."

Hatukuuliza maana. Barua ya mkubwa haiulizwi maana. Inapewa namba ya faili. Tukafungua faili la sumu.

Namba kumi na nne anaishi mjane wa fundi wa kuchomelea. Tulifika mimi na mpima maji, tumevaa barakoa na glavu.

"Mama, tumeambiwa hapa kuna metali nzito."

"Ipo, wanangu. Karibuni."

Mtu akikiri mapema kazi huwa nyepesi. Nikatoa fomu. "Kiasi gani?"

"Kanda sitini na mbili. Zote za marehemu mume wangu."

"Alianza kuitumia lini?"

"Tangu ana miaka kumi na sita. Mchana anachomelea chuma, jioni anasikiliza chuma. Alikuwa hashibi."

"Iliingia mwilini kwa njia gani?"

"Masikio, mwanangu. Kwani huko ofisini mna njia nyingine?"

"Madhara?"

"Sikio la kushoto lilikufa. Nywele nazo ziliisha, ila hizo ni za ukoo wao."

"Na yeye alifariki lini?"

"Ana miezi mitatu kaburini."

Mpima maji akavaa glavu za pili juu ya zile za kwanza.

Saa kumi ilipotimia, mama akabonyeza redio ya kanda. Ilitoka sauti kama kabati la sufuria linaloporomoka ngazini huku mtu akiligombeza.

"Afisa," mpima maji akaninong'oneza, "huu si muziki?"

"Kwenye fomu kuna mahali pa muziki?"

"Hapana."

"Basi usituletee mambo."

"Hii ndiyo saa aliyokuwa akirudi kazini," mama alisema. "Nikiiwasha, nyumba haiulizi yuko wapi."

Tulibandika utepe mwekundu kwenye redio na sanduku la kanda. Kanuni iko wazi: maabara ikithibitisha, vyote vinateketezwa Ijumaa. Mama aliisoma notisi mara mbili.

"Kanda zina mwandiko wake, mwanangu. Kila moja."

Nikamweleza kwamba moto wa idara haubagui.

Tukakinga chupa ya maji bombani kwake. Kanuni inataka pia chupa ya kulinganishia, kutoka mahali pasipo na shaka. Mtaa mzima hapakuwa na mahali pasipo na shaka kama nyumbani kwa Mkuu.

Majibu yalisomwa Alhamisi, mbele ya Mkuu, aliyekuwa amevaa tai mpya.

"Namba kumi na nne, safi kabisa," alisema mpima maji. "Ila, Mkuu, nyumbani kwako kuna risasi."

Mkuu akaingia chini ya meza.

"Ile metali, Mkuu, ya kwenye maji. Inatoka kwenye mabomba. Mara kumi na tatu ya kiwango."

Mabomba hayo yaliwekwa na idara mwaka jana, na Mkuu ndiye aliyeyakagua, akiwa sebuleni.

"Jamani," ilisema sauti ya chini ya meza, "mimi nililalamikia makelele. Ule muziki wake wa magitaa, Wazungu wanauita metali nzito."

"Barua yako ina muhuri, Mkuu. Hatua kali umezitaka mwenyewe."

Tukazichukua. Utepe ukabanduliwa kwa mama, ukahamia kwenye geti la Mkuu. Mabomba yake yaling'olewa yote, hata la bustani. Mama alipewa cheti, kwa kuwa bomba lake ndilo pekee lililopimwa likafaulu, na Mkuu akaamriwa kuteka maji hapo kila atokapo kazini.

Siku ya kwanza alifika saa kumi na dakika tano, na ndoo mbili. Mama alikuwa ameketi barazani, redio miguuni, ufunguo wa bomba mkononi.

"Mama, naomba upunguze kidogo," Mkuu alipaza sauti.

"Hivyo hivyo nilimwomba mwenyewe miaka thelathini na moja. Hakupunguza hata siku moja, na mimi nilikuwa mke wake. Wewe ni jirani tu." Akauweka ufunguo mapajani. "Siinuki wimbo haujaisha. Panga foleni, baba."

"Foleni iko wapi?"

"Anza wewe."

Mkuu akaweka ndoo chini, akaanza foleni.