Mjukuu wa Kabaila wa Lisbon

Jumatatu, 1 Machi 1926, Cleveland
Mpango umeiva. Jumamosi kundi letu la waandishi weusi, pale ukumbi wa kanisa, litachagua hadithi moja iende New York kuchapwa kitabuni. Itakuwa yangu. Shujaa ni chotara, babu yake kabaila wa Lisbon. Mimi pia chotara, ila baba yangu alikuwa Mzungu muuza farasi aliyekaa hapa wiki tatu akaondoka. Nani atachapa muuza farasi?

Jumanne, 2 Machi
Kwa usalama nimepeleka nakala kwa majarida mawili ya mjini. La Wazungu, nikijiita Luis de Petibona. La weusi, kwa jina langu, Lucius Pettibone. Akili nyingi.

Alhamisi, 4 Machi
Majibu yamekuja pamoja. Mhariri Mzungu anasema shujaa hana weusi wa kutosha. Mhariri mweusi anasema shujaa amezidi Uzungu. Hadithi ni ileile, neno kwa neno. Mama alicheka mpaka akashika meza. Akaniuliza kama huyo kabaila naye alikuwa na miguu bapa kama yangu.

Ijumaa, 5 Machi
Mpinzani wangu ni Leontine Fauche, mshona kofia. Nimemwonya kwa upole kwamba wasikilizaji wanapenda makabaila.
“Asante, kaka Lucius,” akasema. “Mimi nina mama tu.”
Nikamhurumia.

Jumamosi, 6 Machi
Nilisoma wa kwanza. Wawili walipiga miayo, mmoja wao Mama.
Akasimama Leontine. Hadithi ya mama yake, mweupe kiasi cha kudhaniwa Mzungu, anayeuza kofia katika duka kubwa wasikoajiri weusi. Siku moja binti yake, mweusi, akampelekea chakula. Mbele ya wateja mama akamwambia, “We msichana, mlango wenu uko nyuma.” Binti akazunguka nyuma. Jioni mama akarudi, akaketi nyuma ya binti, akamchana nywele mpaka supu ikapoa.
Basi. Hiyo ndiyo hadithi yote.
Maneno yale nayajua yote, ya kila siku, lakini sijapata kuyaona yakifanya vile. Mama, ambaye hakulia hata tulipomzika bibi, aliuminya mkono wangu hadi ukafa ganzi. Nikampigia Leontine kura. Sikuweza kujizuia. Akashinda.
Nje nilimuuliza kama mama yake anajua.
“Yeye ndiye aliyeniambia niisome,” akasema.
Nikamvulia kofia. Mimi.

Jumapili, 7 Machi
Nimetembea kando ya ziwa kutwa, hadithi ile bado imenikaa kifuani. Sasa nimeelewa: mtu aandike ya kwao, kama yalivyo. Nikamwomba Mama anieleze juu ya baba. Alikuwa na farasi watatu, akasema, aliimba vibaya, na aliogopa bata. Nikaandika yote, kweli tupu.
Ila farasi watatu ni wachache. Nimeweka mia mbili. Na mtu wa farasi mia mbili lazima awe mwana wa mfalme, kwa hiyo nimemfanya wa Denmark.
Leontine ataumia akiisikia hii. Fasihi haina huruma.