Mfereji Uko Mikononi Mwangu

Jumatatu, 10 Novemba
Kikao asubuhi. Bosi wetu Glenys anasema programu ya kompyuta inayofungua malango ya mfereji wa umwagiliaji wa Murrumbidgee, hapa Australia, imezeeka. Imeandikwa kwa lugha ya Fortran, na walioijua wamestaafu au wamezikwa. Anataka ihamishiwe lugha mpya, Python. Tena, kazi ikiisha, idara itabaki na mtu mmoja tu. Mimi au Kerryn! Kerryn akaomba mwezi. Nikasema Ijumaa. Akanitazama kama anayemtazama kangaruu akivuka barabara kuu.

"Darryl, hivi Fortran unaijua?"

Nikamjibu naijua nje ndani. Jioni nikaanza kuisoma.

Jumanne, 11 Novemba
Nimemaliza! Mstari kwa mstari, palipoandikwa hivi nikaandika vile. Nusu yake sijaielewa, lakini nani aliomba nielewe? Nikajipongeza kwa chai na keki.

Baba mkwe Silvano akapiga simu. Mpunga wake umeanza kuota, anataka maji Ijumaa bila kukosa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mfereji uko mikononi mwangu.

Jumatano, 12 Novemba
Balaa! Utaratibu wa hapa, programu mpya na ya zamani huendeshwa bega kwa bega. Majibu yakifanana, ya zamani huzimwa. Yangu hayafanani hata moja. Kila lango limepewa maji ya jirani yake. Nikatafuta mpaka nikaona: Fortran huanza kuhesabu na moja, Python na sifuri. Kurekebisha ni kupitia kila mstari upya. Na Kerryn anapitapita nyuma ya kiti changu akipiga mluzi.

Nikapata njia. Sasa programu yangu inachungulia jibu la ile ya zamani na kulinakili. Skrini yote kijani, majibu yanafanana! Glenys akanipongeza mbele ya Kerryn. Ya zamani ikizimwa je? Hilo nitalifikiria kesho.

Alhamisi, 13 Novemba
Sikupata nafasi ya kufikiria. Kerryn akamshawishi Glenys tuizime ya zamani kwa saa moja, tuone. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye swichi. Nikasema huko ni kuivunjia heshima mashine iliyowatumikia wakulima miaka yote. Izimwe mara moja tu, kwa hotuba na keki. Glenys machozi yakamlengalenga.

Kerryn akaniuliza polepole, "Unaficha nini, wewe?"

Nikasema aina ya keki. Naogopa kweli.

Ijumaa, 14 Novemba
Keki. Hotuba. Glenys akaniita mkuu wa idara. Kerryn akaanza kupanga vitu vyake kwenye boksi. Swichi ikazimwa. Nikazuia pumzi. Skrini bado kijani, hakuna tena cha kulinganisha! Nikachukua kipande cha pili.

Simu ikalia. Silvano: lango lake halitoi hata tone. Simu nyingine, jirani yake, uwanja wa kriketi: fainali ni kesho na uwanja umekuwa bwawa, bata wameshafika. Glenys akanigeukia. Nikasema labda mvua. Nje jua lilikuwa linachoma.

Kerryn akaweka boksi chini, akaisoma programu yangu kwa sauti mbele ya wote. Alipofika pale pa kunakili, na kwamba bila cha kunakili inarudia hesabu yangu ya Jumanne, hakucheka. Heri angecheka.

Jumatatu, 17 Novemba
Mashine ya zamani imewashwa tena. Kerryn ndiye mkuu, na amepewa mwezi wake. Mimi natembea na spana begani, nafungua malango yaliyokwama. Kwenye lango lake Silvano alikuwa ananisubiri, mikono nyuma. Mpunga wa upande mmoja umekauka.

"Mkwe wangu," akasema, "wewe zungusha tu hiyo spana. Usifikirie kitu."

Iliniuma sana.

Lakini! Nimesikia halmashauri ya mji inatafuta mtu wa kuhamisha programu ya magari ya taka kwenda lugha mpya. Nimeshawapigia. Nimewaambia Ijumaa. Kosa langu nimelijua, sifuri ilikuwa ndogo mno. Safari hii nitaanza kuhesabu na mbili, niwe na akiba.