Mayai Mia Moja Yasiyolingana na Tamko

Kwa fahari kubwa, Idara ya Forodha ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu kila mzigo utahakikiwa mara saba na maofisa saba tofauti, ili wananchi wahudumiwe haraka zaidi. Maofisa wakapiga makofi. Mawakala wa kutoa mizigo bandarini nao wakapiga, maana nani anataka ubaya.

Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni wakala mmoja waliyemwita Bi Fomu, na moyoni alikuwa anawalaani. Siku hiyohiyo alikuwa amewasilisha nyaraka za mzigo wa shangazi yake: mayai ya bata mia moja, ya kuangulisha. Shangazi alishaacha kazi, alishajenga na banda. "Mwanangu, usiniangushe," alimwambia.

Mhakiki wa kwanza alihesabu mayai. Wa pili akahakiki kama wa kwanza alihesabu kweli. Wa tatu alikuwa kwenye semina ya kuharakisha huduma. Kasha likakaa kwenye ghala la bati, joto lake usiseme, wiki nne kamili. Ndipo Mkuu wa Forodha, aliyechoka kumwona Bi Fomu mlangoni kwake kila asubuhi, akaamua kuruka hadi uhakiki wa saba na kuufanya mwenyewe. Akavaa glavu, akainama, akafungua kasha.

Vifaranga mia moja wakamtazama.

"Ulitamka mayai," Mkuu alimwambia kwa upole Bi Fomu, aliyesimama nyuma yake. "Hawa ni bata. Hilo ni tamko la uongo. Leseni yako naifuta leo saa sita."

"Mkuu, yaliingia yakiwa mayai."

"Basi warudishe walivyokuwa. Una saa nzima."

Bi Fomu alitaka kulia, kicheko kikamtoka. Leseni ya miaka kumi na mmoja inakwenda hivihivi kwa sababu bata hawakujua utaratibu.

Sasa, kifaranga wa bata akishatoka kwenye yai, wa kwanza kumwona ndiye mama, hana mjadala. Mkuu akatoka ghalani, bata wakatoka. Akakata kona, wakakata. Akaongeza mwendo kuelekea getini, nao mbio nyuma yake, kwa mstari ulionyooka kuliko foleni yoyote iliyowahi kuonekana bandarini hapo.

Getini mlinzi akanyoosha mkono. "Shikamoo, Mkuu. Nyaraka za mzigo?"

"Mzigo gani? Hawa wananifuata tu."

"Wote husema hivyo, Mkuu. Kaa hapo pembeni."

Saa sita kasorobo Mkuu alimwita Bi Fomu, akamwomba kwa sauti ya chini amsaidie kutoka, ana kikao na waziri. Bi Fomu akatoa fomu bila papara.

"Mzigo umetoka nchi gani?"

"Si umetoka ghalani kwangu?"

"Wameanguliwa humo? Chini ya uangalizi wa nani?"

Mkuu akatazama saa, kisha bata waliomlalia viatuni. "Wangu."

"Kwa hiyo mayai yangu yalikuwa mayai. Uhusiano wako na mzigo?" Bi Fomu akaandika "mama mzazi", akamgeuzia fomu. Mkuu akasaini.

Alasiri mzigo ukafika kwa shangazi, ukitembea, Mkuu mbele. Shangazi akafungua banda. Bata wakagoma mlangoni, wote wakimtazama Mkuu.

"Waziri ananisubiri," alisema.

"Atasubiri, baba," shangazi akamjibu, akimshika mgongoni taratibu. "Inama tu, mlango ni mfupi."