Hadubini Zangu Zinaguswa

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Shule,

Salamu, na pole kwa majukumu. Mimi ni mtunza stoo wako, mwaka wa kumi na moja sasa, na sijawahi kukuandikia ila kuomba sabuni. Leo naandika kwa uchungu kuhusu mwalimu mpya wa sayansi, yule wanafunzi waliyembatiza “Shika Uone”.

1. Anatumia vifaa. Ulinikabidhi hadubini sita, na miaka yote hiyo hazikuguswa na kidole isipokuwa changu, kila Ijumaa, kwa kitambaa laini. Wakaguzi walizisifia zikiwa kabatini. Sasa zimetolewa! Nilimwuliza, “Mwalimu, zikivunjika je?” Akanijibu, “Kaka, zikikaa humo ndiyo zimevunjika.” Jibu gani hilo kwa mtu aliyemzidi umri?

2. Zamani somo la moyo lilikuwa dakika kumi: mchoro ubaoni, watoto wananakili, darasa kimya utadhani msibani. Siku hizi wanapasua moyo wa mbuzi kutoka buchani, wanatia vidole kwenye vali zake, na kengele ya mapumziko ikilia hawatoki. Kengele, mheshimiwa, imedharauliwa.

3. Hili ndilo lililonifika kooni. Walichota maji ya tangi letu la kunywa, wakayatazama, wakaona vidudu vinajinyonganyonga. Msichana mmoja, ambaye tangu kidato cha kwanza sijapata kusikia sauti yake, alikwenda moja kwa moja jikoni akamwambia mpishi, “Mama, usipikie haya. Njoo ujionee.” Mpishi akaenda, akaona, akaweka mwiko chini. Siku hiyo hatukula mpaka tangi liliposafishwa. Brashi nilipewa mimi.

4. Matokeo yake, wiki ya tatu hii hakuna mwanafunzi anayeumwa tumbo. Nesi anashinda akifuma sweta. Kesho ataambiwa hana kazi, na ana watoto watatu. Nani atajibu?

Siombi afukuzwe, mimi si mtu wa roho mbaya. Naomba apandishwe cheo. Apewe ofisi yenye kiyoyozi na mafaili, mbali na mtoto yeyote, kama tunavyowafanyia walimu wazuri wote.

Nisalimie naibu wako, mhasibu, mlinzi wa getini, na wote nyumbani, mdogo kwa mkubwa.

Wako mtiifu,
Mtunza Stoo

Nyongeza: Nikiwa njiani kukuletea barua hii nilipitia maabara kuhesabu vifaa. Shika Uone akanivutia kiti. “Kaka, umezifuta miaka yote hii. Umewahi kuchungulia?” Sikuwahi. Akaniwekea utando wa kitunguu. Mheshimiwa, ni vyumba! Vyumba vitupu, safu kwa safu, kama ukuta wa fundi asiyekosea. Nilichungulia mara nne, watoto wakinipisha. Tafadhali, cheo asipewe kabisa, hata akikiomba mwenyewe. Kesho wanapasua jicho la ng’ombe. Ukinitafuta stoo, hutanikuta.