Ngamia Mpya, Ngamia wa Zamani na Mimi

Jumatatu, 4 Machi
Balaa. Darasa la binti yangu limesoma kile kitabu cha ngamia aliyekataa kupiga magoti, kitabu ambacho hata sisi tulikulia nacho. Filamu yake mpya wameshaiona. Ijumaa wataona ile ya zamani, wazilinganishe, na mzazi mmoja atakuja kuzungumza kwa sababu ndiye aliyekuwa ngamia humo.

Mzazi huyo ni mimi.

Sasa, ngamia wa zamani alikuwa wa kitambaa, watu wawili ndani. Tangu binti ana miaka mitatu namwambia nilikuwa mbele: kichwa, macho, sauti. Uongo mtupu! Mbele alikuwa fundi cherehani wa pale kona. Mimi nilikuwa makalio. Na mwisho wa filamu imeandikwa hivyo hivyo, herufi kubwa. Binti ana miaka tisa na anasoma kila kitu, hata pakiti ya chumvi.

Jumanne, 5 Machi
Dawa imepatikana. Diski ya filamu ya zamani iko moja tu, maktaba. Nimeiazima mimi. Mwalimu nimemwambia kwa simu kwamba imekwaruzika, haifai, nitawasimulia kwa mdomo. Akasikitika. Nami nikasikitika, tena vizuri. Uigizaji haujanitoka.

Nimeificha kwenye kasha la video ya harusi yetu. Hakuna aliyelifungua tangu tufunge ndoa. Akili ninayo.

Jumatano, 6 Machi
Mama mkwe kaja. Baada ya chai akataka kuona harusi ya mwanawe. Nikasema televisheni mbovu. Mke wangu akaiwasha. Nikasema umeme utakatika sasa hivi. Haukukatika! Siku zote unakatika, leo umetulia.

Akatokea ngamia. Mama mkwe alimtazama kwa heshima, akauliza kama huyo ni wa upande wa bwana harusi.

Nilizima mapema, nikasingizia kichwa kinauma. Lakini binti keshaitia diski kwenye mkoba wa shule. Haina hata mkwaruzo mmoja, anasema, na anaruka kwa furaha.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi kapata habari. Kanisimamisha njiani, akaniuliza kwa upole kama ningependa kuazima kichwa. Anacho mpaka leo, kakitundika juu ya cherehani. Mtu mwenye dharau sana yule. Nikamwambia asijisumbue kuja kesho, najua ana kazi nyingi. Akasema kesho hana kazi kabisa.

Nitakaa karibu na mashine. Majina yakikaribia, nazima. Basi.

Ijumaa, 8 Machi
Walianza na kipande cha ile mpya. Ngamia wa kompyuta, kila unywele unaonekana, machozi yanamtiririka. Watoto walitulia tuli. Kisha ya zamani. Mfalme anamwamuru ngamia apige magoti: mbele ikapiga, nyuma ikabaki wima. Watoto walicheka mpaka mmoja akadondoka kwenye kiti. (Sikukusudia. Mle ndani kulikuwa na joto na sikusikia kitu.)

Ikafika mwisho. Nikabonyeza kuzima. Kumbe nimeongeza sauti! Majina yakapanda na muziki ukinguruma. Ngamia, mbele: fundi. Ngamia, nyuma: mimi. Binti akageuka, akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Fundi alikuwa mlangoni, meno yote nje.

Mwalimu akauliza ni ngamia yupi anayefanana na yule wa kitabuni. Binti akanyoosha mkono.

"Wa zamani. Yule mpya anatembea vizuri mno. Wa kitabuni ni mbishi, na iliyobisha ni miguu ya nyuma. Mbele ilikubali."

Fundi akafunga mdomo. Binti akakaa, akaongeza taratibu, bila kunitazama, "Ungeniambia tu, baba."

Nililia mbele ya watoto thelathini. Aibu, na furaha, vyote pamoja. Jioni nimeapa mbele ya binti na mama yake: uongo basi, mpaka kaburini.

Jumatatu, 11 Machi
Mwalimu kapiga simu. Mwezi ujao watalinganisha filamu mbili za kile kitabu cha kobe. Akauliza kama namfahamu yeyote aliyeshiriki kwenye ile ya zamani.

Nikakumbuka kiapo. Nikamkumbuka mwanangu.

Nimemwambia kobe yule ni mimi. Kobe mzima, peke yangu.