Kutekwa kwa Daftari la Fundi Saa

Sogezeni viti, enyi wenye masikio na dakika tano za kupoteza, isikike habari ya Simba wa Fotokopi, mwenye duka la kuchapa lililo kati ya kinyozi na choo cha kulipia, mtiisha karatasi zilizokwama, asiyetetereka mbele ya wino uliokwisha. Ambaye kwa mama mkwe wake hakuwa na jina tukufu lolote ila moja: Fundi Redio. Maana mwaka wa kwanza wa ndoa alijitolea kuitengeneza redio ya mama huyo, nayo tangu siku hiyo haijatoa neno.

Ikawa asubuhi moja mama mkwe akaingia dukani, amekumbatia daftari la marehemu mumewe, fundi saa: kurasa themanini za wino uliofifia. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, na ulikuwa mwaka wa pili hawezi kulisoma.

"Kusomewa sitaki," alisema. "Maneno ya mume wangu nayasoma mwenyewe. Wanasema siku hizi daftari linaingia kwenye simu, herufi unazikuza upendavyo. Ni kweli, au ndiyo mambo ya redio?"

Shujaa akasimama, akaweka mkono kifuani, akanena: "Mama, kabla mwezi haujaandama, daftari hili litakuwa programu ndani ya simu yako. Utaligusa kwa kidole, nalo litafunguka, kila herufi kubwa kama harage. Nikishindwa, nisiitwe mwanamume katika nyumba yenu."

"Hilo la mwanamume tutamwuliza mkeo. Wewe fanya kazi."

Vita vikaanza. Katika shambulio la kwanza alizipiga picha kurasa zote, akazilisha kwenye kompyuta. Ikazaliwa programu yenye ukungu mtupu, na katika pembe ya kila ukurasa kilisimama kidole gumba chake, kinene, kitulivu, kama mlinzi wa lango. Akarudi nyuma na majeruhi mmoja, yaani majivuno yake. Ndipo akaishika kibodi, akataipu siku kumi na moja, neno kwa neno, kwa vidole viwili.

"Mume wangu," mkewe alimwambia akipita, "hata kuku anadonoa upesi kuliko hivyo."

Siku ya kumi na mbili kompyuta ikalitafuna andiko, ikatema programu safi. Shujaa akaijaribu kwenye simu yake, ikafunguka, naye akaenda kwa mama mkwe akitembea katikati ya barabara kama msafara.

Sebuleni, simu ya mama ikajibu kwa maneno mawili ya kikatili: Nafasi haitoshi.

Jasho likamtoka. Akapekua, akakutana na picha za maua elfu moja mia mbili.

"Hayo ni salamu za dada yangu. Usiguse."

Nyuma ya maua ilijificha video moja nene, dakika arobaini na tatu. Akaifungua. Akajiona mwenyewe, ndani ya koti la kuazima, akihutubia harusi yake.

"Hii nayo umeitunza, Mama?"

"Nikiwa na huzuni naifungua. Pale unapomshukuru mwenye hema mara ya tatu, napona kabisa."

Hapo shujaa akang'amua jambo. Kumbe miaka yote alikuwa na sanamu yake katika nyumba hii, ingawa ya kuchekwa; na sasa ilimpasa aibomoe kwa mkono wake. Akavuta pumzi.

"Mimi nifutwe," akasema, "Baba asomwe."

Akabonyeza. Programu ikaingia.

Mama akaigusa. Akazivuta herufi hadi neno moja likajaza kioo, akazipunguza kidogo, midomo ikaanza kucheza. "'Leo mke wangu kanifunga tena karata,'" akasoma polepole. "'Nadhani anaiba, ila sijui anaibaje.'"

Akafuta kioo kwa upande wa nguo yake, kisha macho.

"Nilikuwa naiba kweli," alisema. "Asante, Fundi Simu."

Fundi Simu. Shujaa akashika kiti asianguke.

"Lakini sasa nikiwa na huzuni nitacheka nini?"

"Nitakuja kuhutubu mwenyewe, Mama."

"Njoo Jumapili. Na mwenye hema usimsahau."

Basi na iandikwe katika kumbukumbu za mataifa, chini kabisa ikibidi, palipobaki nafasi: kwamba redio ni bubu hata leo, na kwamba ipo duniani programu yenye msomaji mmoja tu, naye hajakosa siku hata moja.