Pedali Saba kwenye Mlango wa Kabati

Jumatatu, 3 Machi
Kiongozi wa bendi katangaza mbele ya wote: Jumamosi, kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu, mimi na mpiga gitaa la pili tutapiga solo kwa zamu. Atakayewainua watu vitini ndiye atakayeshika gitaa la kwanza. La kwanza! Miaka tisa ni langu! Na mshindani mwenyewe nani? Waya Mmoja. Nimembatiza hivyo kwa sababu anachomeka waya mmoja kutoka gitaa hadi spika, basi. Hana pedali, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa, hata ya kusingizia. Mimi ninazo saba. Atanijua.

Jumanne, 4 Machi
Pedali saba zataka ubao wa kuzipachika. Mlango wa kabati la jikoni una kipimo kilekile. Bisibisi, dakika kumi, kazi imekwisha. Tatizo dogo tu: pedali ya mwangwi na ya kutyuni zote nyeupe, pacha kabisa. Ya mwangwi inaipamba sauti. Ya kutyuni ukiikanyaga inaizima, ili utyuni, yaani uweke nyuzi sawa, bila kuudhi watu. Nitazijua tu. Ni zangu.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu katoka kazini, kakuta sufuria zinamkodolea macho. Hakufoka. Hapo ndipo nilipoogopa. Akauliza kwani maseremala wamekwisha mjini. Nikamwambia mlango huu una rangi nzuri.
Nimezipanga pedali inavyotakiwa. Zinanguruma. Nikazipanga kwa ukubwa. Zinanguruma. Nikazipanga kwa rangi, nyeupe na nyeupe. Zinanguruma, lakini zinapendeza! Mke akaleta plasta na kalamu, akasema niandike majina ya pedali. Nikamjibu msanii haandiki majina kwenye vidole vyake. Akacheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi. Nilipomaliza kuchomeka nyaya, wenzangu walikuwa kwenye wimbo wa tatu. Mpiga besi akauliza kama nimekuja kurekebisha umeme wa ukumbi. Kiongozi akasema ngurumo hiyo ikisikika Jumamosi, nitapiga nikiwa nje. Waya Mmoja akainama, akakagua, akakuta waya mmoja mbovu. Akanipa wa kwake wa akiba. Ngurumo ikakatika. Unafiki mtupu! Waya nimeuchukua. Asante sikusema.

Jumamosi, 8 Machi
Zamu yangu! Nikakanyaga mwangwi kwa mbwembwe, nikafumba macho, nikapiga. Jamani! Sauti safi, tamu, haina hata mkwaruzo. Sijawahi kujisikia hivi tangu nizaliwe. Viti vikasukumwa. Vigelegele! Mwalimu mkuu kavua koti anacheza! Nikapiga mpaka kidole kikapasuka.
Nikafumbua macho. Kiongozi alikuwa anampa mkono Waya Mmoja.

Jumapili, 9 Machi
Waya Mmoja kaja nyumbani asubuhi. Kasema kwa sauti ya chini kwamba zamu yangu ilipofika alisikia kimya. Akaogopa nisije nikaaibika, akajaza pengo. Akasema taa ya pedali yangu ya kutyuni iliwaka solo nzima. Nikamwambia ameniibia. Akaomba msamaha. Yeye ndiye anaomba msamaha! Kiongozi naye kapiga simu: gitaa la kwanza si langu tena.
Imeniuma. Nasema kweli, imeniuma. Miaka tisa. Nilikaa jikoni mbele ya kabati lililo wazi. Mke wangu akanisogezea chai. Kisha akanisogezea plasta na kalamu.
Nikavirudisha upande wake wa meza.
Nimetafakari siku nzima. Mimi sina kosa. Kosa ni la ubao, mdogo mno, pedali zimebanana. Zikiwa kumi na mbili, na nafasi ya kutosha, nani ataweza kushindana nami? Kabati la nguo lina milango miwili mipana. Kesho mke wangu anaondoka kwenda kazini saa moja kamili. Bisibisi iko chini ya mto.